Feni Juu ya Dari ya Bibi Yako

Mwanangu Rahma,

Tangu tuswali alasiri uko chumbani unapanga nguo, unazitia begini na kuzitoa tena. Mimi nimekaa jikoni na kalamu. Baba yako kapita hapa kuniuliza naandika nini, nikamwambia aende akaangalie tairi za gari. Tairi hazina kitu, lakini ameenda.

Habari za kula vizuri, kulala mapema na kuswali kwa wakati naziacha. Unazijua, na usizozijua utazijua siku utakayoumwa ukiwa peke yako. Nataka kukuandikia habari ya ile feni. Ukisikia neno feni kwenye nyumba hii mmoja hucheka na mwengine huangalia chini, lakini mimi na wewe hatujawahi kukaa tukaizungumza kutoka mwanzo mpaka mwisho. Na kesho unakwenda Muscat kuanza kazi yako ya mapokezi hotelini, ukalale kwenye nyumba ambayo mimi sijaikanyaga. Zile picha ulizonionyesha nimeziangalia sana. Sebule imepigwa kutoka kila pembe. Choo kimepigwa mlango tu. Mtu anayekuonyesha choo kwa mlango ana sababu yake.

Unakumbuka bibi yako alivyokuja kutoka Unguja, mama yake baba yako, kuja kutibiwa kifua. Tukampa kile chumba cha mwisho chenye choo chake ndani, asitembee mbali usiku. Jumba letu hili la Al Warqa, hapa Dubai, unalijua lilivyo. Lilijengwa kwa familia moja, likaja kukatwakatwa kwa kuta za jipsamu, na juu kote likatandazwa dari moja iliyo wazi ndani kutoka kwetu mpaka kwa jirani. Choo cha bibi yako kikabaki bila dirisha. Maji ya moto yakifunguliwa ukuta unatoa jasho, na pembeni ya dari kukaota weusi ambao nikiufuta leo, wiki ijayo umerudi.

Halafu ikaja ile harufu. Nikirudi kutoka kazini kwangu chekechea nanusa makaa chooni kwa bibi yako. Si moshi, ni harufu ya makaa yaliyokwisha kuwaka. Nikapanda kwenye kigoda nikanusa karibu na dari, nikaamua hapo hapo: ni yule Mkenya wa upande wa pili, Wanjiru. Msichana anaishi peke yake, analinda jengo la maofisi usiku, analala mchana, mapazia yake hayafunguliwi. Nikajiambia huyu anavuta shisha, moshi unapita juu ya dari unamwingia mgonjwa wetu kifuani. Sikumwona na shisha hata siku moja. Hilo nalo nililihesabu kuwa dalili ya kwamba anaificha.

Baba yako akasema, "Si umwulize?"

Nikamjibu, "Mwizi huulizwa?"

Ndipo tukaenda kutafuta feni. Ulikuwepo, ulikuwa unajificha nyuma ya baba yako kwa haya. Mwenye duka alituonyesha kwanza zile za kubandika dirishani, na sisi dirisha hatuna. Akatuletea ya pili, ile inayokaa katikati ya bomba la hewa juu ya dari: inavuta kupitia wavu chooni na kusukuma nje ya nyumba. Hiyo ndiyo tuliyoitaka. Akataka kutupa kubwa kabisa. "Madam, big one, strong one, no problem." Nikamwuliza mbona mdomo wa feni ni mpana kuliko bomba analotuuzia pamoja nayo. Akasema fundi atalibana. Nikamwambia feni inayosukuma hewa kwenye bomba lililobanwa itapiga kelele na hewa haitakwenda. Hilo nililisoma kwenye simu jana yake, usidhani nilizaliwa nalo. Akaleta ya kadiri, mdomo na bomba upana mmoja. Nikaona utepe wa boksi umekatwa ukabandikwa tena. Nikamwambia afungue. Mapanga yana vumbi.

"Display piece only, madam."

"Basi kalirudishe likaonyeshwe."

Akatoa mpya, nikamwambia aichomeke kwenye umeme pale pale. Ikazunguka kimya. Kwenye gari uliniambia, "Mama, umemwaibisha yule mtu." Nami nilijiona nimeshinda. Siku ile kushuku kulinifaa, na siku kama hizo ndizo zinazomharibu mtu, maana unarudi nyumbani unaamini jicho lako haliwezi kukosea.

Fundi tuliletewa na naturi, yule mlinzi wa jumba. Fundi mwenyewe jina lake Kasozi, Mganda, mpole, mikono myepesi. Nilikuwa kazini alipokuja. Niliporudi alikuwa keshamaliza kila kitu: wavu mweupe juu ya choo, swichi ukumbini kando ya mlango wa bibi yako, na nje kwenye ukuta wa nyuma kifuniko cha plastiki chenye vipande vya kukinga mvua.

"Khalas, madam. Iko sawa kabisa."

Baba yako akachukua karatasi laini akaiweka kwenye wavu, ikanata. Akafurahi kama mtoto. Mimi nikatoka nje nikaweka kiganja kwenye kile kifuniko. Hakukuja kitu. Nikarudi ndani, feni inavuma. Nikatoka tena, kimya.

"Joto la nje linakuzuga," baba yako akasema. "Mke wangu, wewe hata kivuli chako ukikiona unakiomba kitambulisho."

 Siku nyingi nikawa naitazama tu ile feni. Halafu siku ya mapumziko bibi yako akiwa sebuleni na wewe, nikawasha udi kwenye chetezo, nikakiweka chini ya wavu, nikawasha feni. Moshi ulipanda moja kwa moja ukamezwa. Nikatoka nje nyuma ya nyumba na pua mbele. Hakuna udi. Nikashika kile kifuniko nikakivuta, kikatoka na skurubu zake. Nyuma yake ukuta mzima. Kasozi hakutoboa tundu lolote, alikipigilia kifuniko ukutani kama picha ya harusi.

Sasa nikajiuliza udi wangu umekwenda wapi, na nikajua kwa kuanzia. Nikavaa buibui nikaenda kumgongea Wanjiru. Nakwambia ukweli, nilikwenda kwa nia mbili: kuusaka udi, na kumshika na shisha yake mlango ukiwa wazi.

Alifungua amejifunga leso kichwani, macho mekundu. Nyuma yake sikuona shisha. Niliona kitanda, sare yake kwenye msumari na Biblia juu ya friji. Na chumba kizima kimejaa udi wangu.

"Mama Rahma," akasema, "kumbe ni nyinyi? Hii harufu inatoka kwenu?"

Nikamweleza habari ya feni. Akakaa kitandani.

"Mimi nikitoka shifti nalala, nikiamka kichwa inaniuma mpaka natapika. Nimeenda kliniki, wakasema labda ni presha, labda ni usingizi. Na si hii manukato peke yake. Kuna saa inakuja ingine, kama jiko ya makaa. Nikasema labda hao majirani wanachoma nyama ndani ya nyumba."

Rahma, hapa ndipo nataka usome polepole. Mtu ananiambia kwa mdomo wake kwamba ananusa makaa kutoka kwangu. Na mimi nikamtazama nikasema moyoni: huyu anajikinga. Anajua nimekuja kumshika, kwa hiyo anatupa makaa yake kwetu kabla sijamtajia. Nikamwambia pole, nikamwahidi fundi atarudi, nikaondoka. Sikurudi nyumbani nikauliza hata swali moja. Na jibu lilikuwa sebuleni kwangu, linakunywa chai na wewe.

Kasozi alirudi kwa kuitwa na kuitwa tena. Wanjiru akaja akasimama mlangoni na sare yake ya ulinzi, buti na yote, mikono nyuma.

"Wewe," akamwambia, "hii bomba ulipeleka wapi?"

"Sister, iko juu."

"Juu wapi? Juu ya kichwa yangu?"

Kasozi akaangalia chini. Naturi, akasema, alimwambia mwenye jumba hataki kusikia ukuta umetobolewa, afanye haraka amalize. Na drili yake ilikuwa fupi. Akaogopa kutuambia, akaliacha bomba limelala ndani ya dari, akabandika kifuniko tusije tukauliza. Mimi nilikuwa tayari kupaza sauti, lakini baba yako akampigia wakala wa nyumba hapo hapo. Wakala akaruhusu tundu lipigwe ukuta wa nyuma, kwa sharti lizibwe vizuri. Ruhusa ilipatikana kwa simu moja. Hakuna aliyekuwa ameiomba.

Safari hii nilisimama chini ya ngazi mpaka mwisho. Kasozi aliazima drili ndefu, akatoboa, akanyoosha bomba likawa fupi bila kukunjwakunjwa, akalifunga kwa utepe wa bati kila kiungo. Feni akaitundika kwenye mipira isitikise dari. Mdomoni akaweka kile kilango kinachofunguka hewa ikitoka na kujifunga feni ikizimwa. Mlango wa chumba akaukata chini kidogo, maana feni haiwezi kutoa hewa pasipoingia nyengine. Bibi yako alikuwa amekasirika tangu mwanzo.

"Mnaniwekea ndege chumbani," alisema. "Nitalala vipi na ndege?"

Kesho yake nilirudi kutoka chekechea na sikuingia ndani. Nilizunguka nyuma kwanza. Unanijua. Nikaweka kiganja kwenye tundu, hakuna hewa. Damu ikanipanda, nikasema Kasozi kanifanya mjinga mara ya pili. Nikakuita kupitia dirisha la jikoni.

"Rahma! Feni inawaka?"

"Imezimwa, Mama. Bibi kaizima."

"Iwashe."

Nikasikia swichi. Kilango kikainuka, hewa ikanipiga usoni. Sijui nikueleze vipi furaha yangu ya sekunde ile, kisha ilivyokatika. Hewa ilikuwa ya moto, na ilinuka makaa. Si ile harufu ya makaa yaliyokwisha kuwaka. Makaa yanayowaka sasa hivi. Na tundu lile halikuwa tena na njia ya kwa Wanjiru. Lilitoka sehemu moja tu.

Nilikimbia. Wewe ulikuwa ukumbini umeshika swichi na uso wako ulikuwa umeshabadilika kabla sijasema neno. Nikausukuma mlango, hausogei. Chini, pale Kasozi alipoukata, bibi yako alikuwa ameshindilia kanga mbili. Tukausukuma pamoja. Alikuwa amekaa juu ya msala wake wa kuswalia, mgongo umeegemea kitanda, kichwa kimeanguka begani. Chetezo kikubwa kilikuwa mbele ya magoti yake kimejaa makaa mekundu. Nilimwita, akafungua macho akaniangalia kama mtu asiyenijua. Wewe ulimshika miguu, mimi kwapani. Wanjiru alisikia makelele akaja bila viatu, akambeba kama mtoto, akamlaza nje kivulini, akaanza kumpepea na kumsemesha.

"Shosho, niangalie. Usilale, shosho. Niangalie mimi."

Na kichwa chake mwenyewe kilikuwa kinamuuma siku zote kwa ajili ya makaa hayo hayo.

Hospitali walimtia hewa safi kwa barakoa muda mrefu. Daktari alitueleza kwamba makaa yakiwaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa inayoua, na hewa yenyewe haina rangi wala harufu. Tulichokinusa ni harufu ya makaa tu, iliyofuatana nayo. Akauliza kwa nini mtu anawasha makaa Dubai wakati wa joto. Bibi yako akasogeza barakoa.

"Magoti," akasema. "Hicho kiyoyozi chenu hakizimiki. Ninaganda." Halafu akanigeukia. "Chetezo changu mmekitupa?"

Hapo ndipo nilipocheka na kulia pamoja. Kiyoyozi ni cha jumba zima, tundu lake lilikuwa juu ya kitanda chake, na mimi niliyenusa kila pembe ya dari sikuwahi kumwuliza kama anasikia baridi.

Kwenye korido wewe ulinivuta pembeni.

"Mama, mimi ndiye niliyekuwa nikimnunulia makaa. Pale bakala, kile kiduka cha mtaani. Alinisihi nisikwambie. Alisema ukijua utamtilia wasiwasi mpaka kwenye pumzi zake."

Unakumbuka nilikujibu nini? Sikukwambia pole. Sikukukumbatia. Nilikuuliza, "Nani mwengine anajua?"

Ukaniangalia, ukasema taratibu, "Ndiyo maana sikukwambia."

Nimelala na maneno hayo muda mrefu kuliko nilivyolala na hofu ya siku ile. Sikuyajibu wakati ule kwa sababu nilikuwa natafuta kosa ndani yake. Makosa yako yapo, ulikuwa mtu mzima na ulijua mgonjwa wa kifua hakai na moto. Lakini ungeniambia siku ya kwanza, ningefanya nini? Ningekuhoji wewe, ningemhoji bibi yako, ningepekua mito. Mtu aliyehitaji blanketi angepata kesi. Nyote wawili mliliona hilo mapema kuliko mimi, mkachagua kunificha.

Baba yako alipanda akaziba tundu la kiyoyozi juu ya kitanda, bibi yako akapata chupa ya maji ya moto ya kuweka magotini, na feni ikawa haizimwi. Ule weusi wa darini haukurudi tena. Alipona, akarudi Unguja na kifua chepesi, na mpaka leo anawahadithia watu huko kwamba mkwe wake alimtia ndani ya mashine.

Kwa Wanjiru nilikwenda mwenyewe. Nilimweleza yote, na shisha nilimtajia, ingawa baba yako aliniambia hilo ningeliacha. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama Rahma," akasema, "si ungenigongea tu siku ya kwanza uniulize?"

 Alikuja kumwona bibi yako hospitali, akamletea machungwa. Mimi ananisalimu vizuri tukikutana nje. Ndani kwangu haingii. Nimemkaribisha sana, anasema asante, ana shifti. Najua maana yake na simlaumu.

Kwa hiyo sikwambii uache kushuku. Nitakuwa mnafiki, tena na ile picha ya mlango wa choo bado iko kwenye simu yangu. Ukifika Muscat, fungua huo mlango. Kama hakuna dirisha, tafuta wavu, weka karatasi uone kama inanata. Usiishie hapo. Toka nje uulize hewa inatokea wapi, na ukiona kifuniko kizuri ukutani, weka mkono. Mwenye nyumba akikwambia iko sawa, mwambie unashukuru, kisha weka mkono vile vile. Vyombo, mabomba na kuta vishuku utakavyo, havina moyo wa kuumia. Ila mtu ukimshuku, mfuate umwulize siku hiyo hiyo, ukiwa tayari kusikia kwamba harufu inatoka kwako. Na wale unaolala nao nyumba moja uwaulize kama wanasikia baridi.

La mwisho linanihusu mimi. Mwezi uliopita ulikuja hapa jikoni ukaniambia umepata kazi Muscat na umeshakubali. Ulisimama karibu na mlango, kama mtu aliyeacha njia ya kukimbilia. Maswali yalinijaa mdomoni: nani kakupa, kwa nini wewe, nyumba ya nani, unakaa na nani. Nilichukua birika nikajaza maji. Nikawasha jiko. Nikasubiri yachemke. Na wewe, kwa sababu hakuna aliyekuuliza, ukavuta kiti ukakaa, ukanieleza yote mwenyewe: hoteli, mkuu wako, wale wasichana wawili mtakaokaa pamoja, mmoja wa Tanga. Ukanieleza hata kwamba unaogopa. Nisingelipata hilo kwa kukuhoji mwaka mzima.

Ukiwa huko, likikupata jambo, zuri au baya, nipigie. Nitajaza birika kwanza. Kama utasikia kimya upande wangu, usidhani simu imekatika.

Nimesikia umefunga zipu ya begi. Sijui umetia nini, na siingii kukagua.

Mamako